Naombeni ushauri: masikio yanalia nikiwa kwenye matibabu ya Lyme

Habari zenu wapendwa. Natibiwa ugonjwa wa Lyme, ule unaoenezwa na kupe, na dalili zimegoma kuisha. Maumivu ya viungo nayavumilia. Kinachonimaliza ni masikio: mlio mwembamba usiokoma, na usiku kukiwa kimya ndipo unapozidi. Silali.

Nilitoka kwenye antibiotiki ya doksisaiklini nikahamishiwa nyingine, azithromaisini, ambayo yenyewe inaweza kuleta mlio masikioni. Aspirini kwa dozi kubwa pia, kwa hiyo nimeiacha. Sitaki kukatisha dawa kienyeji.

Mliopitia haya, mlijuaje kama ni dawa au ni ugonjwa? Kupimwa usikivu kuliwasaidia? Na usingizi mnaupataje? Sauti ya feni inanipa nafuu kidogo tu.