Picha za kampeni ziwe za umma, lakini mwenye sura aulizwe kwanza

Wanaharakati wengi wa mazingira wanataka picha zote za kampeni ziwekwe mtandaoni bure, anayetaka achukue na asambaze. Wanasema picha iliyofungiwa ofisini haimtetei mtu. Kwa hilo niko nao. Sisi wa Lamu tulipopinga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe pale Kwasasi, megawati 1,050, picha za mikoko, majahazi na wazee wenye mabango zilifika mbali kuliko ambavyo sauti zetu zingefika.

Ninachopinga ni kumruka mwenye sura.

Jirani yangu ni mvuvi wa jarife. Kikundi kimoja cha kampeni kilimpiga picha ameketi mchangani anashona nyavu, uzi ameukaza kwa dole gumba la mguu. Picha nzuri sana. Mwaka uliofuata mpwa wake akaikuta kwenye simu, chini yake pameandikwa kwamba mzee huyu hana riziki, bahari yake imekufa. Na siku ile ya picha alikuwa ametoka kuuza samaki! Aliitazama kitambo, akaniuliza, "Mwanangu, nani kawaambia mimi nina njaa?" Maneno yale hayakuandikwa na kikundi kilichompiga picha. Wao waliiachia bila maelezo, wengine wakajijazia.

Hata wakubwa wamekwama hapo. Mwaka 2017 SeaLegacy, shirika la kutetea bahari, lilisambaza picha za dubu mweupe aliyekonda kule kaskazini mwa Kanada, na jarida la National Geographic likairusha video yake likisema hivi ndivyo mabadiliko ya tabianchi yanavyoonekana. Mwaka 2018 jarida hilo likakiri kwamba lilivuka mpaka, na mpiga picha wa SeaLegacy, Cristina Mittermeier, akaandika kwamba hawezi kusema dubu yule alikonda kwa sababu hiyo. Wapinzani walipata la kusema, na hoja ya kweli ikaumia.

Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa Lamu, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tulishinda kwa neno hilohilo. Vipi sasa sisi wenyewe tusimshirikishe mtu katika picha yake?

Aoneshwe picha kabla haijatoka, asomewe maelezo yake kwa lugha anayoielewa, na mahali na tarehe viandikwe ndani ya picha, visikatike njiani. Mtu aliyebeba bango barabarani sina neno naye, ameshaamua kuonekana. Ila mtoto, mgonjwa, au mtu aliye uani kwake, hapana.

Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 inampa mtu haki ya kudai taarifa za uongo kumhusu zifutwe. Ni haki nzuri, lakini picha ya jirani yangu ingali inazunguka na maneno yaleyale. Enyi mnaosema ziachiwe zote: anayeifuata huko iliko ni nani, yeye au nyinyi?