Bastola ya 1911 ya mtumba inagoma kulisha risasi, nianzie wapi?

MvitaHouston
Wakuu habari zenu. Niko Texas, mwezi uliopita nimenunua 1911 ya mtumba, ile ya kaliba .45 yenye mtutu wa inchi 5, kwa mzee mmoja aliyekuwa anapunguza vitu vyake. Mkononi imekaa vizuri mno ila kila nikienda renji kulenga shabaha inakwama, yaani risasi inatoka kwenye magazini halafu pua inagonga chini pale kwenye mteremko wa kuingilia chemba, slaidi (kile kipande cha juu kinachorudi nyuma na mbele) inabaki nusu wazi. Jumamosi nimepiga 50 ikakwama mara 6. Magazini ninazo 3, mbili za risasi 7 na moja ya 8. Nimesafisha, nimetia mafuta, wapi. Jamaa mmoja pale renji kasema nichukue msasa niung'arishe ule mteremko, nikaogopa. Hii nimenunua kwa ulinzi wa nyumba, nikiwa shifti ya usiku mke wangu anabaki na watoto, sitaki imwangushe. Naombeni msaada.

KobeWaRenji
Mkuu huo msasa weka mbali kabisa. Kwenye 1911 mteremko ni vipande viwili, cha chini kiko kwenye fremu, yaani mwili wa bastola, na cha juu kwenye mtutu, na katikati panatakiwa kijinafasi kama cha milimita 0.8, ukishakula chuma hapo ukaharibu pembe hakirudi na fremu ndo imekwenda hivyo. Anza na magazini. Ziandike 1, 2, 3 kwa maka peni, na kila ikikwama andika ilikuwa magazini gani na risasi ya ngapi. Pua kugonga chini mara nyingi ni springi ya magazini imechoka, haiwahi kuipandisha risasi, slaidi inakuja inaikuta bado imeinama. Mimi ile ya 8 naishuku kabla hata sijaiona, maana hii bastola ilizaliwa na magazini ya 7.

MamaShabaha
Kaka hujasema risasi gani unapiga. Jeshi la Marekani lilipoichukua mwaka 1911 ilikuwa inalishwa risasi ya pua ya mviringo, yenye uzito wa greni 230, kwa hiyo nyingine za zamani zikikutana na risasi ya pua yenye tundu zinasumbua kweli. Jaribu za mviringo kwanza. Halafu springi ya slaidi badilisha tu hata kama inaonekana nzima, ya kawaida kwa mtutu wa inchi 5 ni ya nguvu ya ratili 16. Wengine huwa wanaweka ngumu zaidi wakidhani wanaitunza bastola, kumbe slaidi inarudi mbele haraka kuliko magazini inavyopandisha, ndo hiyo hiyo shida yako.

Na hili nakuomba sana: risasi iliyokwama ikagonga usiirudishe kwenye magazini. Itazame pembeni na mpya, ukiona ni fupi hata kidogo basi pua imesukumwa ndani ya ganda, ukiipiga presha inapanda vibaya. Na majaribio ya nyumbani fanya na risasi bandia, za kweli ziwe chumba kingine kabisa.

MvitaHouston
Asante dada, nilikuwa nazirudisha kweli, zote nimezitenga leo. Nilikuwa napiga zenye tundu.

BabuWaKambi
Kijana, hao wamekueleza vizuri, mimi naongeza ekstrakta, ile kucha inayoshika ukingo wa ganda. Kwenye hii bastola risasi inatakiwa ipande kutoka chini iteleze iingie nyuma ya kucha. Sasa watu wana tabia ya kudondosha risasi moja kwenye chemba kwa mkono kisha wanaachia slaidi, kucha inalazimika kurukia ukingo, ikifanya hivyo mara nyingi inaharibika. Fungua, toa slaidi, chomeka risasi bandia chini ya kucha, tikisa polepole. Ikidondoka imelegea, na kama kuichomeka ni kazi ya kusukuma kwa nguvu basi imebana mno. Kuikunja mpeleke fundi bunduki, usijifunzie kwenye ya kwako.

MvitaHouston
Shikamoo Babu, na asanteni wote. Nimerudi renji leo na springi mpya ya ratili 16 na risasi za mviringo, nimepiga 100. Namba 3, ile ya 8, imekwama mara 4, Kobe ulisema. Nilipoiweka kando ya namba 1 nikaona midomo yake, ile ya juu inayoshika risasi, imeachana, upande mmoja una kovu linang'aa, sijui ilianguka kwenye sakafu miaka gani. Nimeitupa. Namba 2 haijakwama hata mara moja. Namba 1 imekwama mara 1 kwenye risasi ya mwisho, nimeiagizia springi. Ekstrakta ilikuwa na uchafu mweusi umeganda nyuma ya kucha kama lami, nimeutoa na kijiti cha meno na sasa risasi bandia inakaa. Bastola haijarudi chumbani bado, mpaka zipite 200 za zile zenye tundu bila kukwama. Jumamosi naenda na mama watoto apige mwenyewe.

MamaShabaha
Mwambie aikaze mkono, ikishikwa kwa ulegevu nayo inakwama. Tuletee majibu.