Fomu ya eTA yataka hoteli na sie twalala kwa bibi Msambweni

Mama Pacha, Leicester
Asalaam aleikum jamani, nisaidieni kichwa chaniuma. Twaja Disemba inshallah, pacha wangu wana paspoti za Uingereza, nataka wakaione Pwani ya Kusini, Shimba Hills, Wasini, wasikie sengenya, ngoma ya kwetu, yenyewe si hii ya kwenye simu. Kwa eTA, ile ruhusa ya kuingia Kenya iombwayo mtandaoni, nimefika pale pa malazi yataka karatasi ya hoteli. Hatulali hoteli, twalala kwa bibi yao Msambweni, bibi ana mkeka na chandarua, risiti atoe wapi! Nimepigia ofisi moja huku mara nne, ya kwanza naambiwa andika barua, ya pili barua haikubaliwi, ya tatu na ya nne muziki tu. Nyie mlitia nini pale?

Mzee wa Kibokoni, Toronto
Kwani eTA ya nini dada? Katiba ya 2010, mtoto wa Mkenya ni Mkenya popote azaliwapo. Wachukulie paspoti ya Kenya ukae raha. Wangu ilichukua miezi saba, fomu zikarudishwa mara mbili sababu jina la babu lilikosa H, lakini nilipata.

Wa Likoni, Oslo
Miezi saba na mwenzio aja Disemba, hesabu gani hiyo mzee? Mie mke wangu ni wa huku, tulilipia usiku mmoja Diani tukalala kweli maana pesa ilishatoka, mamangu mpaka leo anisema ati nimefika kwetu nikaenda kulala na watalii. Dada, msipite feri, siku hizi ni barabara ya Dongo Kundu moja kwa moja.

Binti Digo, Doha
Asipite feri?? Mtoto asiposimama Likoni na jua lile, korosho za karatasi mkononi, ameonja nini? Na Kaya Kinondo, msitu wetu mtakatifu, uwapeleke, wavue kofia, wafungwe kaniki kiunoni, wasichume hata jani. Palahala wa Shimba nao, wale swala wakubwa wenye pembe, Kenya nzima hawako pengine.

Mzee wa Kibokoni, Toronto
Sengenya nayo si ya Wadigo peke yenu, Waduruma pia waicheza.

Binti Digo, Doha
Nani kasema peke yetu mzee, soma kwanza. Halafu mwalia na karatasi ya hoteli, Wamakonde wa kwetu Kwale wamezaliwa pale, wazee wao walikuja kukata mkonge na miwa, na mpaka 2016 walitoka kwa miguu kwenda Nairobi ndio wakapewa vipande, vitambulisho vya Kenya. Wapemba wakangoja mpaka 2023. Serikali hii!

Wa Likoni, Oslo
Siasa wekeni kando, hapa nje theluji na mie nawaza kaa wa Wasini, wale wa kugonga kwa kijiti, mchuzi wa nazi mpaka kwenye kiwiko.

Mama Pacha, Leicester
Shukran nyote, nimesoma na njaa nimeshikwa. Lakini pale pa malazi nitie nini?

Binti Digo, Doha
Ngoja kwanza, bibi yako Msambweni upande gani? Si yule wa karibu na hospitali apikaye mkate wa sinia?