Mjadala: Programu inayojengwa kwa kodi yetu itumie ramani ya nani?

Fundi wa Bukoto (mwenye mada)

Nina swali, na msimamo wangu nautoa hapa hapa ili nisije nikaambiwa nimeficha kitu. Programu ya simu inayojengwa kwa fedha za umma hapa Uganda, iwe ya kuita ambulensi, ya kuripoti mashimo barabarani au ya kufuatilia magari ya takataka, ilazimishwe kutumia ramani huria, yaani OpenStreetMap? Mimi nasema ilazimishwe.

Sababu yangu ni moja. Ramani ya mji kama Kampala haimaliziki, inarekebishwa kila siku na wanaopita barabarani. Dereva wa ambulensi akifika Kyebando akakuta zahanati imehamia ng'ambo ya barabara, atasogeza pini. Pini ile inakwenda kwa nani? OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza mwaka 2004, na leseni yake inakuruhusu kuchukua data yote, kuiweka kwenye seva yako, hata kufanyia biashara, mradi utaje ilikotoka, na ukiiboresha hifadhidata yenyewe ukaitoa kwa watu, uitoe kwa masharti yale yale. Google Maps wana masharti mengine: ukiwauliza anwani wakakupa viwianishi vyake, yaani namba za latitudo na longitudo, unaruhusiwa kuvihifadhi siku 30 tu, na matokeo yao ya utafutaji huwezi kuyaonyesha juu ya ramani ya mtu mwingine. Wilaya inalipa mafuta, inalipa dereva, inalipa bando, halafu maarifa yanalala ghalani kwa jirani.

Nakiri mapema: kazini kwetu tunasambaza mitungi ya gesi, na utafutaji wa anwani tunanunua. Sijifanyi mtakatifu.

Mhasibu wa Ntinda

Ndugu Fundi, neno "huria" watu wanalisikia "bure". Vile vipande vya picha vinavyounda ramani, mnavyoviita vigae, seva za OpenStreetMap zinazovitoa zinaendeshwa kwa michango, na kanuni zao zinakataza programu yenye watumiaji wengi kuzielemea. Nominatim, chombo chao cha kutafuta anwani, kinakubali ombi moja tu kwa sekunde. Kwa hiyo wilaya itakodi seva na kumwajiri mtu wa kuitunza. Mtu huyo akipata kazi Nairobi, ambulensi inaelekea wapi?

Sasa upande wa pili. Google hawatozi kuonyesha ramani ndani ya programu ya Android au iPhone. Wanatoza maswali: kugeuza anwani kuwa viwianishi, kuchora njia. Hadi Februari 2025 walikuwa wanatoa nafuu ya dola 200 kwa mwezi. Tangu Machi mwaka huo kila huduma ya msingi ina maswali 10,000 ya bure kwa mwezi, kisha kutafuta anwani au njia ni dola 5 kwa kila 1,000. Tuseme ambulensi zinapokea miito 100 kwa siku, kila mwito njia inaulizwa mara tatu. Hiyo ni 9,000 kwa mwezi. Bili ni sifuri. Unataka niidhinishe mshahara wa mtu ili kuokoa sifuri?

Fundi wa Bukoto

Mara tatu ni kama fundi aliyeandika msimbo ni makini. Mimi sikuwa makini. Programu yetu ya kwanza ilikuwa inauliza njia upya kila GPS ikicheza kidogo, hata dereva akiwa amesimama anakunywa chai. Oda zilikuwa 400 kwa siku. Chukua bei hiyo uliyoitaja, weka maswali sita kwa kila oda: 72,000 kwa mwezi, toa 10,000 za bure, unabaki na dola 310. Dola ikiwa shilingi 3,600 ni milioni moja na laki moja, kila mwezi, kwa sababu ya chai. Kosa lilikuwa langu, bili haikuniuliza.

Boda wa Kalerwe

Kiswahili changu cha barabarani, mtanisamehe. Ninyi mnabishana ramani ya nani, mimi nauliza nani anaitazama. Mteja anaweka pini kwenye barabara kubwa kwa sababu kidole chake ni kinene, nyumba iko chini bondeni. Nafika, napiga simu. "Uko wapi nnyabo?" "Shuka steji, pita mwembe, kuna duka jekundu, mlango wa tatu, kuna mbwa." Hiyo ndiyo anwani. Hakuna programu hata moja imewahi kuniambia kuna mbwa.

Halafu mvua. Ikinyesha, Bwaise inajaa maji. Simu inasema dakika sita. Nazima simu, nazunguka.

Binti wa Masaka

Mimi pia naunganisha ramani kwenye programu, na naona mwenye mada ameuliza swali lililopinda. Fundi, ile pini aliyoisogeza dereva wako ni yenu. Hakuna anayewakataza kuihifadhi. Mnachokatazwa ni kuhifadhi jibu mlilopewa na Google. Dereva akisimama mlangoni, simu yake ikasoma GPS, akabonyeza "nimefika", viwianishi hivyo havikutoka kwa mtu yeyote isipokuwa setilaiti. Vihifadhi miaka mia.

Ramani si kitu kimoja. Kuna picha unayoiona, kuna kutafuta mahali, kuna kuchora njia, na kuna orodha yako mwenyewe ya mahali. Kila kimoja unaweza kukichagua kivyake, ukichunga masharti ya kutochanganya. Nilikotoka, kila ombi la ramani linapita mlango mmoja ndani ya programu yetu. Programu inasema "nipe njia", haijui wala haijali nani anajibu. Mapbox, kampuni nyingine ya ramani, walipobadilisha leseni ya maktaba yao ya msimbo wa kuchora ramani kwenye tovuti Desemba 2020, wengine walichukua toleo la mwisho lililokuwa huria wakaanzisha MapLibre. Waliokuwa wametawanya jina la Mapbox katika kila faili walilia. Waliokuwa na mlango mmoja walibadilisha kitasa.

Tena makosa mengi tunayowasingizia watoa ramani ni yetu. Uganda imekatwa na ikweta, pale Kayabwe watalii wanapiga picha. Kampala latitudo yake ni 0.31, Masaka, iliyo kusini ya ikweta, ni -0.34. Mtu aliyejenga fomu bila kuruhusu alama ya kutoa aliwahamisha wateja wetu wote wa Masaka hadi msituni kati ya Mityana na Mubende. Jingine: Google wanataka latitudo ianze, faili za data ya ramani ziitwazo GeoJSON zinataka longitudo ianze. Ukizigeuza, Kampala inatua jangwani Algeria. Nimewahi kumwona mgonjwa wa Nakasero akiwa Sahara.

Na msisahau kwamba ramani ya Google kwenye Android inategemea huduma za Google Play zilizomo kwenye simu. Huawei mpya, tangu vikwazo vya Marekani vya 2019, hazinazo. Serikali haiwezi kumwambia raia abadilishe simu kwanza ndipo aite ambulensi.

Mwenye duka Busia

Hapa kwetu kuna Busia mbili, ya Uganda na ya Kenya, mguu mmoja huku, mwingine kule. Andika "Busia" tu kwenye programu uone mzigo wako unakwenda upande gani wa forodha. Mafundi, mnapounganisha utafutaji, kuna mahali pa kuuambia utafute nchi moja tu. Wengi hawapagusi kwa sababu wanajaribu programu wakiwa Kampala, na Kampala ni moja.

Lakini nilichotaka kusema ni kingine. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima siku kadhaa. GPS haikuzimwa, kwa sababu haitoki kwenye intaneti. Simu yangu ilijua ilipo, ila ramani yenyewe ilikuwa karatasi tupu! Kijana wangu alikuwa na ramani iliyopakuliwa ya OpenStreetMap, akaendelea kupeleka mizigo kama kawaida. Ndiyo, programu ya Google yenyewe nayo inakubali kupakua eneo, ila ukiunganisha ramani yao ndani ya programu yako, haki hiyo huipati. Kwa ambulensi mimi hilo peke yake lanitosha.

Mhasibu wa Ntinda

Intaneti ikizimwa, huo mwito wa ambulensi utaingiaje kwenye programu?

Mwenye duka Busia

Kwa simu ya kawaida, mheshimiwa. Mtu anapiga, dereva anasikia "karibu na soko", anafungua ramani iliyomo ndani ya simu. Watu waliugua hata siku zile.

Mchora ramani wa Gulu

Mimi ni mmoja wa wanaojitolea kuchora OpenStreetMap, kwa hiyo mtarajie nimtetee Fundi. Nitamtetea nusu.

Nusu ya kwanza: Bidi Bidi, makazi ya wakimbizi kule Yumbe, ilifunguliwa Agosti 2016 na muda si mrefu ikapita wakimbizi laki mbili na nusu. Huo ni mji mzima ambao jana yake ulikuwa vichaka. Watu wa kujitolea, wakiwemo wakimbizi wenyewe, walizunguka na simu wakaweka visima, shule na vituo vya afya, na kazi hiyo mtu yeyote anaweza kuipakua leo. Au chukua majina ya mitaa. Februari 2025 Mahakama Kuu iliiamuru KCCA, mamlaka ya jiji, iondoe majina ya kikoloni kwenye mitaa ya Kampala. Kwenye OpenStreetMap jina jipya linaingia siku hiyo hiyo, na la zamani lina kisanduku chake, kwa hiyo bibi anayetaja jina la zamani bado anapatikana. Kwa kampuni unatuma pendekezo, unasubiri.

Nusu ya pili inaniuma. Kampala imechorwa vizuri kwa sababu ina vijana wenye muda na bando. Sehemu za Karamoja ni njia moja na ukimya. Mwaka 2019 Microsoft walitoa michoro ya majengo karibu milioni 18 ya Uganda na Tanzania iliyotambuliwa na kompyuta kutoka angani, na Google wakafuata na yao ya Afrika mwaka 2021. Mapaa tunayo. Mapaa hayana jina. Kompyuta haijui lipi ni zahanati na lipi ni la kuku. Ukiweka sharti la ramani huria bila kuweka fedha za kwenda kuuliza majina, umewaachia watu wa kujitolea mzigo wa serikali.

Na msongamano wa magari ulivyo sasa hivi, OpenStreetMap haina. Google wanao, kwa sababu simu zetu zinawaambia. Ukitoka Wandegeya saa kumi na mbili jioni hilo si jambo dogo.

Msomaji wa Dar es Salaam

Jirani zenu tumepita hapo. Mwaka 2015 Ramani Huria ilianza kuchora kata zetu zinazofurika, wanafunzi na wakazi wakapita na karatasi na simu mtaa kwa mtaa, hadi mifereji wakaiingiza. Ilifaa sana. Shida ilikuja baadaye: mfereji uliochorwa leo ukizibwa mwakani, nani analipwa nauli arudi?

Fundi wa Bukoto

Binti wa Masaka amenikamata na siwezi kujitoa. Nabadilisha pendekezo. Zabuni ya umma isimwambie mkandarasi ramani ya nani. Imwambie mambo mawili: kila mahali palipothibitishwa na mtumishi wa umma akiwa pale pale papelekwe kwenye ramani huria, jina, kiwianishi na tarehe, na programu ifunguke bila intaneti. Mhasibu akitaka njia na msongamano anunue kwa Google, sitamzuia. Ila nyumba za wagonjwa zisitoke nje. Sheria ya kulinda data ya 2019 ipo kwa ajili hiyo, na pini ya nyumba yenye kichwa "dialisisi, Jumanne", yaani siku ya mgonjwa kusafishwa damu kwa mashine, si kisima cha kuonyesha kila mtu.

Mhasibu wa Ntinda

Hilo naweza kulisaini, kasoro fungu moja: hamjasema nani atathibitisha. Ni mtumishi gani wa umma unayemjua wewe atakayeshuka bondeni kuuliza zahanati inaitwaje?

Mchora ramani wa Gulu

Si mtumishi. Boda. Anashuka bondeni mara thelathini kwa siku, na mbwa anawajua. Nashuka Kampala Jumamosi. Boda wa Kalerwe, ukinipa asubuhi moja tunaweza kuiweka Kyebando yote ya chini, steji kwa steji.

Boda wa Kalerwe

Jumamosi ni siku ya pesa, mzee. Asubuhi nzima ni elfu thelathini, mafuta mbali. Na mwembe ule uliokatwa msiuweke, watu bado wanautaja lakini haupo.

Mchora ramani wa Gulu

Wakiutaja, tunauweka. Kisanduku cha jina la zamani. Elfu thelathini mhasibu atatafuta fungu.

Mhasibu wa Ntinda

Lete risiti.