`dynamic` kwenye C#: tuipige marufuku au tuiache?

Mtoa mada, Kampala:
Ndugu zangu, tunatengeneza mfumo wa SACCO ya waendesha bodaboda kwa lugha ya programu ya C#. Mwenzetu, akitaka kumaliza mapema, alipokea rekodi ya mwanachama kama `dynamic`, yaani aina ya data ambayo majina yake hayakaguliwi mpaka programu ianze kazi, akaandika `rekodi.Kiasi`. Data ilikuja na `kiasi`, kwa k ndogo. Kompaila, ile programu inayokagua na kutafsiri msimbo wetu, ikanyamaza, kwa kuwa ndivyo `dynamic` inavyoiamuru. Kosa likajitokeza Ijumaa jioni, watu wamepanga foleni wakidai akiba zao, skrini inaandika `RuntimeBinderException`. Hebu mweleze mtu aliyeacha pikipiki yake juani kwamba shilingi zake 200,000 zipo, ni herufi tu imekorofisha.

Nasema marufuku. Tulichagua lugha inayokagua aina za data mapema ili makosa yafie mezani kwetu, si dirishani kwa mwanachama.

Wa Gulu:
Ssebo, unachapa panga kwa kosa la mkataji. Mimi nashughulikia fomu za wakulima: wiki hii wameongeza swali la mbegu, ijayo wataulizia ng'ombe. Kila swali likizaliwa niandike klasi (umbo la data lenye majina yaliyopangwa mapema), nikompaili, nipandishe upya kwenye seva? Microsoft waliileta `dynamic` katika C# 4.0, mwaka 2010, ili C# iongee na IronPython (aina ya lugha ya Python) na vitu vya COM (njia ya programu za Windows kutumiana) kama Excel, ambavyo aina zake hazijulikani mapema. Hawakuwa wanacheza.

Wa Mbarara:
Kwa fomu hizo `Dictionary`, orodha ya majina na thamani zake, inatosha. Ukiuliza jina, `TryGetValue` yake inakujibu ndiyo au hapana, hakuna kulipuka. Mimi niko TypeScript, lugha nyingine inayokagua aina, na `keyof`, inayokubali tu majina yaliyomo kwenye aina, tunayo tangu toleo la 2.1 la 2016. Nikikosea "kiasi" nikaandika "kiazi", nakataliwa papo hapo. Raha.

Mtoa mada:
Unakataliwa ulichoandika kwa mkono wako. Jina la safu likitoka kwenye faili la mweka hazina, je? Aina za TypeScript zinafutwa zote kabla programu haijaanza kazi. Utakagua data mlangoni, inapoingia, upende usipende.

Wa Gulu:
Kama dawa ni kukagua mlangoni, `dynamic` yangu unaninyima kwa nini?

Mtoa mada:
Kwa sababu ukishakagua, jina unalijua. Ukilijua, liandike kwenye klasi. Maswali ya kuja na kuondoka yaweke kwenye `Dictionary`, kama alivyosema wa Mbarara.

Wa Gulu:
Haya. Nitajaribu kwenye fomu moja kwanza. Ile ya ng'ombe.