BLAST inasema 99%, programu yangu inasema 48%. Nani muongo hapa?

Dagaa_Mkavu:
Wakuu habari za humu. Niko Kigoma namalizia riporti ya mwaka wa mwisho, naomba msaada kabla sijachanganyikiwa. Nina sampuli 40 za dagaa, nimenunua wakavu pale Kibirizi na wengine Ujiji, na natakiwa nioneshe yupi ni Stolothrissa tanganicae na yupi ni Limnothrissa miodon kwa kutumia kile kipande cha jeni ya COI kinachotumika kutambua aina ya mnyama, herufi za DNA kama 655 hivi kila mmoja. Sikwensi (mifuatano ya herufi za DNA) zimerudi toka maabara, nikaziweka BLAST, ile programu ya mtandaoni ya kutafuta mifuatano inayofanana, moja moja, zote zinatoa 98 mpaka 99% na samaki wa kueleweka, safi. Sasa shida ni kwamba bando linakwisha na umeme nao mnaujua, nikaona niandike programu yangu kwa Python ile njia ya Needleman na Wunsch ya 1970 nilinganishe zote zenyewe kwa zenyewe bila intaneti. Hapo ndo balaa lilipoanza. Sampuli 21 zinaelewana vizuri tu, zile 19 zingine ukizilinganisha na hizo 21 unapata 48%, mara 47, mara 50. Lakini hizo 19 zenyewe kwa zenyewe zinaelewana! Nimekagua kodi usiku kucha sioni kosa. Au nimeuziwa kitu ambacho si dagaa?

Jicho_la_Mwalo:
Yaani kutofautisha dagaa mpaka kompyuta? Njoo Kibirizi asubuhi, wale wamama wanawatenganisha kwa macho huku wanapiga stori.

Dagaa_Mkavu:
Wabichi sawa mkuu, hata mimi najitahidi. Hawa wamekauka, wamevunjika, wengine ni mkia tu umebaki, nani atajua?

Kodoni3:
Dogo hujauziwa kitu kibaya na kodi yako inawezekana haina kosa lolote. Nina swali moja tu, hizo 19 zilisomwa na prima (kile kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha usomaji) ya mbele au ya nyuma? Maana dalili zako zote zinasema zimesomwa kutoka upande wa pili. DNA ina nyuzi mbili zinazotazamana, A na T, C na G, na kila moja inasomwa kuelekea upande wake. Ukisoma uzi wa pili unapata maneno yaleyale ila yamegeuzwa nyuma mbele na kila herufi imebadilishwa na mwenzake. Mfano GATTC ukiisoma upande wa pili inakuwa GAATC. BLAST yenyewe inajaribu pande zote mbili bila kukuambia, alafu inakuandikia kimyakimya pale juu ya matokeo Strand Plus/Minus ambapo hakuna mtu anasoma. Programu yako hailijui hilo, umeipa mfuatano umepinduka ikaulinganisha ukiwa umepinduka vilevile. Kwa hiyo hakuna muongo, kila mmoja amejibu alichoulizwa.

Na hiyo 48 isikutishe wala isikupe matumaini. Herufi ni nne tu, ukiokota mifuatano miwili ambayo haina undugu wowote ukaipanga bila mapengo itafanana karibu robo kwa bahati tu, sasa ukiruhusu mapengo programu inavutavuta mpaka inafika huko 40 na kitu. Kwa DNA hiyo ni sawa na sifuri.

Dagaa_Mkavu:
Aisee. Nimefungua imeili ya maabara saa hii, 19 zote zimeandikwa R mwishoni mwa jina. Nilidhani R ni ripiti, kumbe ni reverse, ya nyuma 😭

Kodoni3:
Hahaha pole sana. Geuza hizo kwanza. Au iandike programu ijaribu pande zote mbili ichukue yenye alama kubwa, mistari mitatu tu. Alafu kata ncha, zile herufi 30 au 40 za mwanzo na za mwisho huwa zina uchafu na N nyingi (yaani mashine haikuitambua herufi), na usitoze adhabu kwa mapengo ya pembeni kwa sababu sampuli zako hazianzii sehemu moja. Pia COI ni jeni ya protini, inasomwa herufi tatutatu (ndo kodoni), kwa hiyo pengo la herufi moja katikati ya dagaa na dagaa ni la kutilia shaka, rudi kwenye kromatogramu (ule mchoro wa vilele wa mashine) uangalie kama mashine haikuruka herufi.

Tumbaku_Kavu:
Niko Tabora nafuatilia kwa karibu. Kompyuta yako inachukua muda gani? Na mbona watu siku hizi wanasema HMM, HMM, hio inaingia wapi?

Dagaa_Mkavu:
Jedwali moja la kulinganisha jozi ni 655 mara 655, yaani visanduku 429,025, na jozi ziko 780. Jumla karibu visanduku milioni 335 mkuu, laptopu inaunguruma kama mashine ya kusaga. Naenda kula narudi.

Kodoni3:
Ndo maana BLAST ilipotoka 1990 watu waliipokea, haijazi jedwali zima, inatafuta kwanza vijineno vifupi vinavyofanana kabisa (kwa blastn ya kawaida ni herufi 11) alafu inatanuka kuanzia hapo. Inaweza kukosa kitu, ila inawahi.

HMM (hidden Markov model, modeli ya hali zilizofichika) nikueleze kikwetu. Bibi yako yuko Tabora, ziwa halioni, mwezi haangalii, anachojua ni bei ya dagaa sokoni tu. Kigoma kukiwa na mbalamwezi taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri, samaki wanaadimika, bei inapanda. Giza likirudi inashuka, japo siku mojamoja inaweza kudanganya kwa sababu gari limeharibika njiani. Na mbalamwezi haiji siku moja ikaondoka, ikishika inakaa siku kadhaa. Bibi akiandika bei za mwezi mzima anaweza kukisia usiku upi ulikuwa wa giza bila kutoka nje, mwezi ndo hali iliyofichika, bei ndo kinachoonekana. Kwenye protini, zinazofichika ni hali kama "hapa herufi inalingana na ukoo", "hapa imeongezwa", "hapa imetoka", na kila nafasi ina uwezekano wake, nafasi nyingine hairuhusu kubadilika kabisa na nyingine inabadilika inavyotaka. Programu ya HMMER inafanya hivyo. Inafaa sana kwa ndugu wa mbali, ambao BLAST inapita bila kuwaona. Kwa dagaa wa aina mbili za ziwa moja ni kuchinja kuku kwa shoka.

Tumbaku_Kavu:
Hapo kwa bibi nimeelewa 🙌

Dagaa_Mkavu:
Nimerudi. Wakuu, 99, 98, 99, makundi mawili yamejitenga yenyewe! Nikashusha na Limnothrissa wa Kariba, wale waliotolewa huku kwetu wakapelekwa kule miaka ya 60, wakaenda kukaa kulekule kwa ndugu zao. Ila nikatafsiri DNA kwenda protini kuhakikisha, kila sampuli ina kodoni za kusimama katikati. Zote 40! Nimeharibu wapi tena?

Kodoni3:
Hujaharibu. Umetumia jedwali la kawaida la kutafsiri kodoni, na COI iko kwenye mitokondria. Kwa wanyama wenye uti wa mgongo tumia jedwali namba 2, humo TGA sio kituo, ni triptofani. Jaribu pia kuanza kusoma herufi ya pili au ya tatu, sio lazima kipande kianzie mwanzo wa kodoni. Ukishafanya yote hayo sampuli moja mbili zikabaki na vituo, hizo ziweke pembeni, ama usomaji ni mbovu ama prima zilidaka nakala iliyokufa ya hiyo jeni ndani ya kiini cha seli.

Dagaa_Mkavu:
Jedwali 2, kuanzia herufi ya pili. 39 safi hazina kituo hata kimoja. Imebaki namba 27.

Jicho_la_Mwalo:
Hiyo 27 ulinunua kwa nani? Niulizie wale wamama?

Dagaa_Mkavu:
27 nilinunua Ujiji jioni, mfuko mmoja na 26 na 28. Naomba tu maabara wakubali kuisoma tena.