Tupeane uzoefu: bustani ya mtaa ilikuletea nani?

Mwana wa Langoni
Asalaam aleikum wana wa pwani na wageni wetu. Kila siku ni bei za injini za boti na mahari, leo naleta la udongo. Wewe uliyelima na majirani kwenye kiwanja kimoja, hebu tusimulie. Mavuno tutayajua sokoni. Mimi nataka kujua mlikutana na nani.

Naanza. Nyuma ya nyumba yetu pana gofu. Mwenye Lamu analijua: nyumba ya mawe ya zamani, dari imeporomoka, kuta zimebaki na zidaka zake, ndani majani na paka. Wenyewe wako Mombasa na Uarabuni, urithi haujagawanywa. Mwaka 2019 mama mmoja wa mtaani akawapigia simu kuomba tupande mboga. Wakasema limeni, ila msijenge, na msichimbe karibu na kuta. Vifusi tulivitoa siku kumi na moja, punda wakibeba.

Mwaka wa pili mume wangu akafariki. Nikakaa eda, miezi minne na siku kumi. Waliokuja kunipa pole ni wengi, Mungu awalipe, lakini jioni nyumba ilikuwa inabaki kimya mpaka nasikia jirani anavyokuna nazi. Basi kila alasiri, mmoja wa wenzangu wa bustani akitoka kumwagilia anasimama dakani, pale kibarazani mlangoni, anabisha, anamkabidhi binti yangu fungu la mchicha na habari moja. "Mwambie mamako bamia zimetoa maua." Kesho yake: "Mwambie ile nyanya ya ukutani imeanguka, tumeifunga kijiti." Hakuna aliyeniuliza naendeleaje, wala aliyenihimiza subira. Nikawa nazisubiri habari za bamia kama mtu anavyosubiri barua.

Siku niliyotoka eda nikaenda gofuni. Tuta langu nikalikuta limepaliliwa, na pembeni wamepanda asumini. Mpaka leo hakuna aliyekubali kuwa ndiye aliyeupanda.

Haya, zamu yenu. Na kama kuna mwenye punda wa rangi ya majivu, sikio la kushoto limechanika, aje hapa ajieleze. Alituingilia usiku wa kuamkia Ijumaa akala sukuma wiki safu tatu.

Nahodha Mstaafu
Pole kwa msiba, mwanangu, na pole kwa sukuma.

Mimi bustani niliingizwa kwa nguvu. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, Juni 2014, ikaja marufuku ya kutoka usiku Lamu nzima, na uvuvi wa usiku ukasimama. Sisi wa jarife, ule wavu mkubwa, riziki yetu ni usiku. Nikakaa nyumbani. Wiki ya tatu mke wangu akachoka kunitazama, akanipa jembe, akasema nenda kwa wenzako kule nyuma ya msikiti, wanalima.

Kufika, namkuta mtu ambaye tulikuwa hatusemezani miaka sita. Sababu ni wavu, na kila mmoja mpaka leo anaamini wavu ulikuwa wake. Zamu ya kuteka maji wakatupanga pamoja, sijui kwa makusudi au kwa bahati. Kisima kimoja, kamba moja, ndoo moja. Siku za mwanzo tulizungumza hivi:

"Yamebaki?"
"Ndoo mbili."

Yakaisha hayo. Baada ya mwezi akaniuliza goti langu vipi, maana aliona navuta mguu. Nikamwambia. Akaleta mafuta ya papa, akayaweka juu ya ukuta, hakunipa mkononi.

Marufuku ilipoondolewa tukarudi baharini, kila mtu na chombo chake. Usiku wa kwanza aliopata samaki, alfajiri alibisha kwangu na changu mmoja, kamtunga kwenye ukindu. La wavu hatujalizungumza. Halina haja sasa, wavu wenyewe umeshaoza.

Paka je, hawawasumbui? Kwetu walifanya matuta kuwa choo chao. Mchanga laini, nao ndio wanautaka. Tulitandaza nyavu kuukuu juu ya mbegu mpaka zikaota. Paka hapendi kukanyaga uzi.

Mwana wa Langoni
Ami, hilo la nyavu kwa nini hukulisema miaka yote hii! Sisi tuliweka miiba, ikatuchoma wenyewe.

Mwalimu wa Bara
Mimi ni wa Kitui. Nilihamishiwa kisiwani kufundisha nikiwa sijui mtu, na Kiswahili changu kilikuwa kinachekesha watoto. Chumba nilichopanga kilitazamana na kiwanja walicholima kina mama na wazee wawili. Nilikuwa nawaangalia dirishani. Siku moja nikaona wanainua matuta juu, kama watu wa kwenye udongo mzito. Kwenye mchanga, na jua la kaskazi! Maji yanakimbia chini, tuta linakauka kabla ya adhuhuri. Nikashuka. Nikawaambia kwetu kwenye ukame tunafanya kinyume: tuta linachimbwa chini, kama beseni, unaweka samadi iliyoiva, unafunika kwa majani makavu, maji yanatulia pale pale kwenye mizizi.

Mzee mmoja akanitazama kutoka viatu mpaka kichwa. "Wataka kutuzikia mboga?"

Wakanipa kona moja nijaribu, nafikiri ili wanicheke. Mwezi wa pili wa kaskazi, kona yangu ilikuwa ya kijani na kwao kumekauka. Yule mzee hakusema kitu. Nilirudi kutoka shule nikamkuta anachimba beseni, na amelichimba vizuri kunishinda.

Mimi Mkristo. Ramadhani ilipofika nikachukua zamu zote za maji za alasiri, wao wapumzike na kufunga kwao. Ilikuwa jambo dogo, mitungi sita ya lita 20. Jioni ya kwanza, baada ya adhana ya magharibi, mlango ukabishwa. Mtoto na sahani ya kaimati. Akaondoka, mwingine na mkate wa sinia. Mwingine maharagwe ya nazi. Nilikuwa peke yangu na sufuria moja ndani ya nyumba, na sahani za watu zimejaa kitandani kwa sababu sina meza. Nikawa sijui narudishaje sahani tupu, nikauliza shuleni, wakaniambia sahani hairudi tupu. Nikatia nyanya za ile kona. Kwa mwezi mzima nyanya zangu zilikuwa zinatembea mtaani.

Mnyonge wa Maji
Samahani kuwaharibia ladha. Sisi Malindi, sitataja mtaa, tulianza watu kumi na wanne. Bili ya maji ya kwanza wakalipa kumi na wanne. Ya pili tisa. Ya tatu mimi na dada mmoja. Wengine walikuja kuvuna tu, tena asubuhi kabla hatujaamka. Halafu mwenye ploti akauza, tukapewa wiki moja kuondoka, biringanya zikiwa ndogo kama kidole gumba. Nilipata maadui wawili ambao sikuwa nao kabla. Kwa hiyo mnaposema bustani inaleta watu pamoja, inaleta, lakini na ndimi zao wanakuja nazo.

Hawe wa Muyeye
Mjukuu wangu ndiye anayeandika, mimi nasema.

Huyo aliyenyang'anywa ploti ana haki ya kukasirika. Sisi hapa Malindi tuliumia hivyo hivyo mara ya kwanza. Mara ya pili tukaandikishana na mwenye ploti mbele ya mzee wa mtaa, kwamba akitaka eneo lake atatupa miezi mitatu, na zamu za maji tukaziandika kwa chaki ukutani, majina wazi. Mtu akikosa zamu yake, jina lake linabaki pale kila apitaye alisome. Chaki ina aibu kuliko mkutano.

Ninachotaka kusema ni hiki. Nilikuja mjini kukaa na mwanangu, miguu haifai tena kwa shamba la Magarini. Mjini mboga ni ya kununua, na mchunga wetu, mtsunga, ule mchungu, vijana hawautaki. Mkwe wangu ni wa Lamu, mtoto mzuri, lakini mchunga alikuwa anautupa akidhani ni magugu. Kwenye bustani ya mtaa nikapanda kona ya mchunga peke yangu, nao wakanicheka: bibi anapanda magugu.

Siku moja mama wa Kibajuni, jirani ya tuta langu, akaniuliza unapikwaje. Nikamwambia kaa. Tukauchuma majani machanga, tukauchemsha, maji ya kwanza tukamwaga, kisha tui zito na nyanya. Tukala na wari, yaani sima, pale pale chini ya mwarobaini, sufuria katikati. Akasema mchungu. Nikasema ndiyo. Akala tena. Sasa yeye ndiye anayenigombeza nikichelewa kuuchuma ukakomaa.

Yeye alipoteza mtoto. Mimi nilipoteza wawili. Tumekaa chini ya mti ule zaidi ya mwaka kabla ya kulizungumza, na tulipolizungumza tulikuwa tunachambua kisamvu, kwa hiyo mikono ilikuwa na kazi. Mikono ikiwa na kazi, kinywa kinatoa taratibu.

Mnyonge wa Maji
Hawe, nashukuru. La chaki nimelichukua. Na kusema kweli yule dada tuliyebaki naye kulipa bili, ndiye aliyenisindikiza mama alipolazwa. Nilikuwa sitaki kulitaja kwa sababu nimekasirika.

Bi Vikuba
Jamani mnaongea mboga tu. Mimi tuta langu ni la maua: asumini, mrehani, na mkadi mmoja mkubwa ukutani. Nasuka vikuba vya harusi, vile vishada vya maua ya kunukia. Asumini huchumwa alasiri, ingali vitumba, ikifunguka usiku iwe tayari kifuani kwa bibi harusi. Ukichelewa mpaka magharibi umechuma maua ya kesho kutupwa.

Sasa hesabu ya kuchuma: kikuba kimoja kizuri kinakula maua mengi, na harusi moja vikuba ishirini, thelathini. Peke yangu siwezi. Kwa hiyo siku za harusi nikiingia tu bustanini na kapu, wenye bamia wanaacha bamia. Hakuna anayeitwa. Na pale kwenye kuchuma ndipo habari zote za Lamu zinapopita, nyingine siwezi kuziandika hapa.

Ami wa Punda
Nimeona nimetajwa. Yule wa sikio lililochanika ni wangu.

Mwanangu wa Langoni, nisamehe. Alikata kamba. Safu tatu nitalipa. Lakini nami nina swali: samadi nikiwaletea mtachukua? Nina punda wanne na samadi naitupa.

Mwana wa Langoni
Ami! Nilijua. Nilimwambia binti yangu, huyu punda ana mwenyewe na mwenyewe anasoma hapa.

Pesa usilipe. Samadi tunachukua, ila si ya leo leo, hiyo inaunguza mizizi na inakuja na mbegu za majani. Tuirundike kwenye ile kona ya zamani ya choo, tuifunike makuti, tuigeuze mpaka ipoe kabisa, miezi miwili mitatu. Ukitia mkono ndani na haikuchomi, imeiva.

Ami wa Punda
Na mimi nitapewa tuta?

Mwana wa Langoni
Liko moja karibu na mlango. Jua kali, lakini liko. Njoo kesho baada ya alasiri, na mtungi wako. Punda mfunge kwanza.

Ami wa Punda
Nimemfunga kamba mbili.

Nahodha Mstaafu
Nimepita hapo sasa hivi kutoka msikitini. Yuko njiani, na kamba zote mbili anaziburuta. Anaelekea gofuni.